Lori la Mafuta Halikuwa Pale

4 Februari

Ndugu Fundi Saa,

Anwani yako nimeipata kwenye jarida la chama chenu cha wakusanyaji wa magari madogo, ukurasa wa mwisho, pale mnapotangaza vitu vya kubadilishana. Umeandika kwamba una magari mawili madogo ya ngazi yanayofanana, kipimo cha moja kwa mia mbili, na unatafuta vitoroli vya mizigo. Mimi ninavyo sita, vyote vina ndoano zake na hakuna kilichovunjika. Nakupa vyote sita kwa gari moja la ngazi. Najua wakusanyaji watasema nimejipunja. Usijisumbue kuniambia.

Nimeendesha gari la ngazi miaka ishirini na nne, lile la kweli, linalosogezwa mlangoni mwa ndege ili abiria washuke. Sasa nimestaafu na nina magari madogo ya uwanja wa ndege thelathini na moja: ya zimamoto, ya maji, ya chakula, matrekta ya kuvuta, hata kile kigari cha njano kinachoongoza ndege iliyotua. La ngazi sina. Kila ninaloliona madukani lina ngazi nyembamba kama ya kupandia darini, na ni wazi aliyelitengeneza hajawahi kushusha mtu.

Uwanja wangu umekaa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwa binti yangu. Anasema nikileta ndege moja zaidi, sahani zitahamia chini ya kitanda. Nimemwambia sahani hazijawahi kulalamika.

Simu yangu ni ya kupigia tu, kwa hiyo tuandikiane.

Dereva wa Ngazi (mstaafu)


15 Februari

Kaka Dereva,

Barua yako niliisoma papo hapo mezani, lenzi ikiwa bado jichoni, na mwenye saa akanisubiri. Vitoroli sita kwa gari moja, kweli umejipunja, lakini umenikataza kusema, basi sikusema.

Mimi ni fundi saa mwenye duka la mlango mmoja. Mbele kuna saa za watu, nyuma kuna uwanja wa ndege. Ni mita tatu kwa mbili, umekijaza chumba mpaka naingia kwa ubavu. Nina magari mia moja na arobaini. Mke wangu huwaambia wageni kwamba mumewe ana watoto mia moja na arobaini na sita, na sita tu ndio wanaokula.

Niliojenga ni ule uwanja wa zamani, kabla ya jengo jipya. Sijawahi kufanya kazi huko. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyefanya miaka mingi, na yeye ndiye macho yangu. Mwezi wa sita chama chetu kina maonyesho kwenye ukumbi wa maktaba, na mwaka huu tumewaalika wafanyakazi wa zamani wa uwanja. Kama katibu wa chama, meza ya katikati nimejipa mwenyewe.

Gari la ngazi nakutumia pamoja na barua hii. Liangalie kwa jicho la kazi, kisha niambie kasoro zake. Usinionee haya, wanaume tunaambiana.

Msalimie sana shemeji, na umwambie asituchoke.

Fundi Saa


27 Februari

Ndugu Fundi,

Gari limefika salama ndani ya kasha la saa, limelala kwenye pamba kama mgonjwa. Vitoroli vyako navyo viko njiani.

Umetaka kasoro. Ngazi ina upana unaostahili na mikono ya kushikilia iko sawa. Lakini ile miguu ya chuma inayoshushwa ili gari lisiyumbe, mtengenezaji ameweka miwili. Ya kweli ni minne. Ikiwa miwili, abiria mwenye mwili wake akikanyaga tu, ngazi inacheza, naye anakutazama kama umemtukania mama yake. Nimeongeza miwili kwa sindano ya kushonea niliyoikata kwa koleo. Na lako liongezee.

Shemeji yako alitutoka miaka sita iliyopita. Subira alikuwa nayo, hapo hukukosea.

Nitumie picha ya huo uwanja wako. Nataka kuona kama kaka yako ana macho kweli.

Dereva wa Ngazi


9 Machi

Kaka Dereva,

Pole sana kwa kuondokewa na shemeji. Sikujua, na mdomo wangu hutangulia.

Miguu minne tayari. Nimekaa na kibano tangu asubuhi mpaka saa nane mchana na wateja wawili wamehamia kwa jirani.

Picha ndiyo hiyo. Itazame ile ndege kubwa katikati, kwa sababu hapo nimepanga siku moja maalumu. Kaka yangu amekuwa akitusimulia kisa hiki tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Kulikuwa na dereva wa ngazi mwanamke, wakimwita Vuta Ngazi. Siku hiyo ndege imechelewa na watu wana haraka. Dada wa watu mawazo yako kwingine, labda anawaza nywele zake, anatia gia na kuondoka na ngazi huku mhudumu wa ndege yuko mlangoni. Mhudumu akakanyaga hewa. Kaka akifika hapo huwa anasimama na kuigiza ule mguu unavyotafuta ngazi, nasi hucheka mpaka tushike mbavu.

Huyo mhudumu nimemchonga kwa njiti ya kiberiti na kumgundisha chini, miguu juu. Ukichukua lenzi utamwona. Kibao cha meza nitaandika: "Siku Vuta Ngazi Alipoisahau Kazi." Wazee wa uwanja wakiona hapo, ukumbi utalipuka.

Wewe ulikuwa kwenye ngazi. Labda ulimfahamu?

Fundi Saa


2 Aprili

Kaka Dereva,

Wiki ya nne hii, kimya. Vitoroli nimevipata, asante. Je, unaumwa? Au ni mimi nimekosea jambo? Kama ni ule mzaha wa subira ya shemeji, nisamehe, niliandika bila kujua.

Fundi Saa


14 Aprili

Ndugu Fundi,

Siumwi. Nilikuwa natazama picha.

Matrekta umeyapanga vizuri. Gari la chakula liko mlango wa nyuma, sawasawa. Ngazi iko mahali pake. Lakini lori la mafuta halikuwa pale. Umeliweka mbali, chini ya bawa la kulia, bomba limekunjwa. Siku hiyo lori lilikuwa kushoto, upande wa abiria, hatua chache nyuma ya gari la ngazi, na bomba lilikuwa limeunganishwa.

Nani alikuchorea?

Dereva wa Ngazi


22 Aprili

Kaka Dereva,

Nakuheshimu sana, lakini hapa naona kumbukumbu imekuchezea. Aliyenichorea ni kaka yangu, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu. Kila gari pale lilisogea kwa amri yake. Yeye ndiye aliyeandika taarifa ya ajali, na mchoro alionipa ni ule ule ulioambatanishwa na taarifa. Ninao mbele yangu ninavyoandika. Lori liko kulia.

Na hata lingekuwa kushoto, sielewi kwa nini likunyime usingizi. Lori halimo kwenye kisa.

Au kaka, wewe ulikuwepo?

Fundi Saa


30 Aprili

Ndugu Fundi,

Umeniita kaka katika barua nne na sikukusahihisha. Mwanzoni sikutaka kukuaibisha, baadaye nikaanza kufurahia. Sasa inatosha. Mimi ni mwanamke. Shemeji yako aliyetutoka alikuwa mume wangu. Na huyo Vuta Ngazi ni mimi.

Vuta kiti, kisha usome kilichobaki.

Ndege ilichelewa saa mbili na ilitakiwa kuondoka tena baada ya dakika arobaini. Kaka yako alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye cheo. Upande wa kulia, ambako mafuta hujaziwa siku zote, trekta lilikuwa limeharibika na kuziba njia. Badala ya kusubiri livutwe, aliamuru lori la mafuta lije upande wa abiria na lianze kujaza huku watu bado wanashuka. Nilimwambia, "Mkuu, hapa pana ngazi, na injini yangu inanguruma." Akanijibu, "Wewe angalia ngazi yako. Mafuta niachie mimi." Nikaangalia ngazi yangu.

Elewa kwamba ngazi za wakati ule zilishikiliwa juu kwa nguvu ya injini. Ukizima injini, ngazi inaanza kushuka yenyewe.

Abiria wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye mwavuli. Alipokanyaga chini tu, nikasikia harufu. Nikatazama kioo cha pembeni. Kiungo cha bomba kilikuwa kimeachia, na mafuta yanatiririka juu ya lami kuja chini ya gari langu, pale pale linapotokea bomba la moshi lililo moto. Nilipiga honi mara tatu. Nikatazama juu, mlango ulikuwa mtupu. Nikatia gia nikaondoka.

Mhudumu alikuwa amerudi ndani kuchukua mkoba wa mtu. Alitoka kinyumenyume, akiongea na wenzake. Alivunjika bega na mkono. Nilikwenda kumwona hospitali kila wiki mpaka alipotoka, na siku moja akaniambia, "Hata mimi niliisikia harufu, nikadhani ni ya kawaida." Yeye ndiye ninayemkumbuka mpaka leo. Nikitia gia hata ndotoni, huwa natazama juu mara mbili.

Lami ilimwagiwa mchanga na kufagiwa, lori likarudishwa kulia, yote kabla wakubwa hawajafika. Taarifa ya kaka yako ilisema dereva aliondoa ngazi bila idhini. Nilipotaja lori, niliambiwa natafuta pa kujifichia. Wakaniweka ofisi ya mizigo iliyopotea. Kila Jumatatu nilikwenda kwa meneja kudai gari langu, na baada ya miezi minne alichoka kuiona sura yangu, akanirudishia. Nikaendesha miaka kumi na minne zaidi bila mkwaruzo. Vuta Ngazi waliniita, nami nikaitika.

Ningeliacha hivyo hivyo. Lakini binti yangu anasomea kuendesha gari la kusukuma ndege, uwanja ule ule. Mwezi uliopita mwalimu aliwasomea darasani taarifa ya kaka yako, kama mfano wa uzembe. Hakujua amekaa mbele ya mtoto wa nani. Darasa likacheka. Binti yangu alirudi nyumbani, akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, ndipo akaniambia.

Na wewe sasa unataka ukumbi mzima ucheke. Lori lirudishe mahali pake, Fundi. Sikubembelezi. Nakuelekeza, kama nilivyokuelekeza ile miguu minne.

Dereva wa Ngazi


19 Mei

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza karatasi niliichana. Nimerudia barua zako zote nikitafuta uliponidanganya. Hakuna. Ni mimi niliyekuvalisha suruali.

Naomba radhi kwa ule mzaha wa nywele. Kuhusu kicheko sijui hata nianzie wapi. Watoto wangu wamekua na kisa hiki. Mwanangu wa mwisho hujifunza kuigiza ule mguu.

Nilikwenda kwa kaka. Nilimkuta anapunguza majani ya uzio kwa mkasi mkubwa. Nikamuuliza, "Kaka, lori la mafuta lilikuwa wapi siku ile?"

"Siku ipi?"

"Unaijua."

Akaendelea kukata, hata pale ambapo hapakuwa tena na jani. Kisha akasema, "Kulia. Si nilikuchorea?"

"Dereva anasema kushoto."

"Dereva gani?"

"Yeye mwenyewe. Tunaandikiana."

Akaweka mkasi chini. Akaniuliza, "Bado yuko hai?" Nikamwambia yuko hai, na anajua kila gari lilisimama wapi. Akaniambia kwamba mtu mzima na akili zake hagombani na ndugu yake kwa ajili ya vitu vya kuchezea, akaingia ndani na kufunga mlango. Shemeji akaniletea chai pale nje. Niliinywa peke yangu, nimesimama.

Dada, kaka huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alinilipia mafunzo ya ufundi. Saa ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya mkononi mwake, na sikuweza kuirudisha, na hakunigombeza. Sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitamwuliza swali naye ashindwe kunitazama. Mtu mwenye haki haulizi "bado yuko hai." Hapo ndipo nilipojua.

Nilirudi dukani, nikachukua wembe, nikalibandua lori la mafuta na kulileta kushoto. Trekta bovu nimeliweka kulia. Bomba nimetumia waya wa saa ya ukutani, na mafuta juu ya lami nimepaka vanishi. Mhudumu wa njiti nimembandua, nimemtupa. Sasa niambie kibao niandike nini. Utakachosema ndicho nitakachoandika, liwe jina la kaka au la nani.

Fundi Saa


25 Mei

Ndugu Fundi,

Mhudumu mrudishe. Alianguka kweli, na kama hayumo, basi na mimi nitakuwa nimeandika taarifa ya uongo. Ila usimweke miguu juu. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, mkono uko chini yake, karibu na gurudumu la mbele. Mtengeneze upya, kwa uangalifu, kama ungemtengeneza ndugu yako.

Mimi nami niweke. Mtu mmoja kwenye kiti cha dereva, ameinua uso.

Jina la kaka yako usiliandike, wala langu. Kibao kiseme: "Uwanja wa zamani, saa tisa na dakika kumi alasiri." Basi. Watakaokuja walikuwa wafanyakazi. Wakiona lori la mafuta upande wa abiria, hawahitaji maelezo ya katibu.

Na kaka yako usimnunie. Aliyekulea amekulea, hilo halifutwi na lori. Mwalike kama ulivyowaalika wengine.

Nitakuja na binti yangu. Nimeshanunua viatu vya kusimamia siku nzima.

Dereva wa Ngazi


16 Juni

Ndugu Fundi,

Tumefika nyumbani salama. Jana uliponitafuta mwisho wa maonyesho nilikuwa nje kwenye ngazi za maktaba, na sikutaka kukuvuta mbele ya watu. Kwa hiyo nakuandikia mambo ambayo hukuyaona, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa meza ukimweleza mtu tofauti ya matrekta, na nilivyokuona, usingesikia hata king'ora.

Kaka yako aliingia saa nne na nusu. Nilimjua kwa mwendo, mikono nyuma, kama bado anakagua zamu. Alizunguka ukumbi mzima kwanza, meza zote ndogo, ya kwako akaiacha mwisho. Alipofika alisimama muda mrefu. Mimi na binti yangu tulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakuniona, kwa sababu alikuwa ananitazama mle ndani ya gari la ngazi.

Yule mpakizi wa mizigo wa zamani, mwenye kofia ya kahawia, akamwambia kwa sauti, "Mkuu, mdogo wako amekosea. Lori la mafuta linafanya nini upande wa abiria?"

Wote waliokuwa pale mezani waligeuka kumtazama. Angeweza kusema ni kosa la fundi saa asiyejua uwanja. Wangemwamini. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kufungua mdomo.

Akasema, "Hajakosea. Mimi ndiye niliyesema liwekwe hapo."

Mpakizi akavua kofia, akaitazama meza upya, gari moja moja, mpaka alipofika kwa mhudumu. Hakuna aliyecheka. Kaka yako akageuka kuondoka, ndipo tukakutana uso kwa uso.

Tulitoka nje pamoja, tukakaa kwenye zile ngazi za mawe, binti yangu akasimama. Kaka yako amezeeka, Fundi. Alianza kwa kusema, "Nilikuwa na watoto wanne na cheo cha mwezi mmoja."

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa na mtoto mmoja na ngazi."

Kisha akasema, "Naomba unisamehe."

Nilikuwa nimesubiri neno hilo miaka mingi, na lilipokuja nililisikia kama jambo dogo, kama mtu anayekurudishia mwavuli. Nikamwambia, "Nimekusamehe. Lakini samahani ya hapa nje sina pa kuiweka, kabati langu limejaa. Taarifa uliandika kwa mkono wako. Iandikie nyingine."

"Kwa nani, baada ya miaka yote hii?"

Binti yangu ndiye aliyejibu. Hakupandisha sauti. Alimwambia, "Mzee, Jumatatu nitakuwa darasani. Mwezi ujao kundi jipya linaingia na watasomewa hiyo taarifa kama tulivyosomewa sisi. Niwaambie nini?"

Kaka yako alimtazama binti yangu, akaniuliza kama ni huyo mtoto aliyekuwa akija na baba yake getini kunichukua jioni. Nikamwambia ndiye huyo. Akainama, akavuta pumzi, akasema, "Waambie wasubiri barua."

Sijui kama ataandika. Wewe usimsukume. Kama alivyoweza kusema mbele ya mpakizi, ataweza kusema mbele ya karatasi, na asipoweza, mimi mwenyewe nitakwenda darasani na picha yako mkononi. Binti yangu anasema nitawafundisha vizuri kuliko mwalimu wao. Nakubaliana naye.

Uwanja wako ni mzuri. Katika maisha yangu sijawahi kuona lami iliyopakwa rangi kwa heshima namna hiyo. Msalimie sana mke wako. Alinionyesha watoto wote mia moja na arobaini, mmoja mmoja.

Dereva wa Ngazi


3 Julai

KWA: Mkuu wa Mafunzo ya Madereva, Uwanja wa Ndege

NAKALA: Dereva wa Ngazi (mstaafu), Fundi Saa

KUHUSU: TAARIFA YA AJALI YA NGAZI INAYOSOMWA DARASANI

Ndugu,

Mimi niliyetia sahihi hapa chini nilikuwa mkuu wa zamu siku ya ajali hiyo, na ndiye niliyeandika taarifa yake. Nimefahamishwa kwamba inatumika kufundishia madereva wapya. Naomba isisomwe tena kama ilivyo, kwa sababu si ya kweli.

Lori la mafuta lililetwa upande wa abiria kwa amri yangu, ndege ikiwa bado inashusha watu, jambo ambalo kanuni ilikataza wakati ule na inakataza hata sasa. Dereva wa ngazi alinionya kabla. Nilimnyamazisha. Kiungo cha bomba kilipoachia, mafuta yalitiririka kuelekea kwenye gari lake lenye injini inayofanya kazi. Alipiga honi mara tatu, akatazama mlangoni, akaliondoa gari. Baada ya ajali niliamuru lami ifagiwe na lori lirudishwe kulia, na mchoro nikauchora hivyo. Dereva wa lori alinitii. Ameshafariki, naomba asilaumiwe.

Mhudumu wa ndege aliumia kwa sababu ya haraka yangu. Dereva hakufanya uzembe. Niko tayari kufika darasani na kuyasema haya mbele ya wanafunzi, siku na saa mtakayopanga.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikuliandika popote, wala sijamwambia mtu, hata mke wangu. Bomba lilipoachia, nilikuwa nimesimama kati ya lori na gari la ngazi, viatu vyangu vimelowa mafuta. Nilisikia honi. Nilikuwa mkubwa wa wote pale na nilijua kinachotakiwa kufanywa, lakini miguu ilikataa. Nilisimama tu. Gari la ngazi ndilo lililoondoka.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Zamu (mstaafu)